Kutu Inayolinda Chuma

Maji yanayosifiwa kwa usafi ndiyo yanayoogopwa zaidi na chuma, na jambo hilo, ambalo mtu wa kawaida hulisikia kama kichekesho, ndilo mlango wa kuingilia katika elimu ya kemia ya maji ya vituo vya kufua umeme kwa mvuke. Maji ya kisima au ya mto huwa yamekwisha kushiba, kwa kuwa yamebeba chokaa, magadi, chumvi na hewa yaliyoviokota njiani. Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa yakawa mvuke kisha yakapoozwa na kurudi kuwa maji bila chumvi zake, hayana akiba yoyote, na kwa sababu hiyo hunyakua chochote kilicho karibu: hewa ukaa inayoyageuza kuwa asidi hafifu, chuma cha bomba, shaba ya vali, hata chokaa iliyomo kwenye saruji ya tangi. Katika miji ya pwani ya Ghuba, ambako watu hunywa maji ya bahari yaliyokenekwa katika vituo vilivyounganishwa na vile vya umeme, maji hayo hurudishiwa chokaa kwanza ndipo yakaruhusiwa kwenda mjini, yasije yakatafuna mtandao mzima wa mabomba kabla ya kufika kwenye birika la mtu.

Kituo cha mvuke, kiwe kinachoma makaa, mafuta mazito, gesi au makapi ya miwa, au kiwe kinatumia joto la nyuklia, huzungusha maji yale yale katika njia iliyofungwa. Maji huchemka ndani ya boila; mvuke wake husukuma mapanga ya tabo, yaani gurudumu linalozungusha jenereta; kisha mvuke uliochoka huingia katika kondensa, chombo kikubwa chenye maelfu ya mabomba membamba yanayopitisha maji baridi ya bahari au ya mto, ukapoa ukawa maji, na pampu zikayarudisha boilani. Kwa kuwa kinachoondoka boilani ni mvuke peke yake, kila kilichoyeyuka ndani ya maji hubaki nyuma na kuongezeka saa hadi saa, kama chumvi inavyobaki chini ya sufuria iliyosahauliwa jikoni, na chokaa ikijenga gamba ndani ya bomba joto hushindwa kupita, na bomba lililopaswa kupozwa na maji huungua likapasuka. Silika, ambayo ni jamaa wa mchanga na kioo, ina tabia mbaya zaidi, kwa maana katika shinikizo kubwa huyeyuka ndani ya mvuke wenyewe, husafiri nao, na kuganda juu ya mapanga ya tabo. Ndiyo sababu kiwango chake katika mvuke hushikiliwa chini ya mikrogramu 20 kwa kila kilo ya mvuke, na katika mitambo mingi chini ya 10. Boila basi haiwezi kukwepa maji yenye njaa, na kazi yote ya mkemia wa kituo ni kuyazuia maji hayo yasiile boila iliyoyahitaji.

Kinachoyazuia ni kutu. Chuma kinapogusana na maji yenye joto la nyuzi mia mbili na zaidi hunyang'anya oksijeni kutoka katika maji yenyewe, huachia hidrojeni, na kujivika utando mweusi uitwao magnetaiti, ambao una chembe tatu za chuma kwa kila chembe nne za oksijeni na hunaswa na sumaku. Mjerumani Gerhard Schikorr ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye mmenyuko unaoeleza jinsi kutu ya awali, iliyo laini na yenye kuyeyuka, inavyogeuka kuwa magnetaiti. Na Mbelgiji Marcel Pourbaix, katika atlasi yake iliyotoka Paris mwaka 1963, alichora kwa kila metali ramani inayoonyesha ni katika hali zipi hubaki bila kuguswa, ni zipi huyeyuka, na ni zipi hujifunika. Kutu nyekundu ya bati la nyumba ni ya aina nyingine: huota kwa kutojali, hupukutika, na kuacha chuma kipya wazi kwa mvua inayofuata. Magnetaiti hushika, na ingawa unene wake mara nyingi haufiki sehemu ya kumi ya milimita, ndiyo ngozi pekee inayotenganisha boila na maji yake. Kwa lugha hiyo, kudhibiti ulikaji, yaani kuliwa kwa metali na mazingira yake, ni kuilinda kutu njema isiyeyuke, isipasuke wala isinenepe kupita kiasi, na kiasi cha amonia kinachotiwa katika maji ili yawe na pH ya kati ya 9 na 10, yaani uchungu wa kimagadi kidogo, hakina lengo jingine.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alianza kuitazama ngozi hiyo katikati ya miaka ya 1980, katika jumba la boila la kiwanda kimoja cha sukari kilichokuwa bara, ambacho kama viwanda vingi vya aina yake kilijifulia umeme kwa kuchoma makapi ya miwa. Boila za sukari zina ugonjwa wake maalumu. Mvuke unaotoka kwenye tabo hupelekwa kuchemsha juisi ya miwa, na maji yanayopatikana mvuke huo ukipoa hurudishwa boilani. Bomba moja likitoboka katika chombo cha kuchemshia, juisi huingia katika maji hayo, na sukari ikifika kwenye joto la boila huvunjika na kuwa asidi, pH ikashuka kwa dakika chache, na ngozi nyeusi iliyojengwa kwa miezi ikaanza kuyeyuka. Kipimo chake ni cha zamani na ni kizuri kukitazama: matone machache ya dawa iitwayo alfa-naftoli hutiwa katika sampuli, kisha asidi ya salfa humiminwa taratibu ubavuni mwa neli iliyoinamishwa ili ilale chini, na pale vimiminika viwili vinapokutana, sukari ikiwapo, huzuka pete ya zambarau, nyembamba mwanzoni kama uzi, kisha ikapanuka.

Katika msimu wake wa kwanza mwandishi, kijana aliyekuwa ametoka chuoni akiwa na imani kubwa na neli zake, alikuwa bado anapanga vifaa mezani wakati mzee mmoja wa zamu ya boila, mtu ambaye hakuwahi kusoma kemia, alipofungulia koki ya sampuli, akaunusa mvuke wake na kusema, “Mwanangu, boila imekunywa juisi. Wewe pima, lakini mimi nakwenda kuyamwaga haya maji yanayorudi.” Pete ya zambarau ilionekana dakika sita baadaye, maji yakiwa yamekwisha kuelekezwa kwenye mfereji. Harufu aliyoinusa mzee ilikuwa ya sukari iliyoungua, ile ile ya maandazi yaliyoachwa motoni, na mwandishi aliiandika katika daftari la zamu chini ya safu ya “maoni”, kwa kuwa fomu haikuwa na safu ya pua. Somo la siku hiyo, kama alivyolielewa wakati huo, lilikuwa kwamba wazee wanajua. Ilimchukua miaka mingine kumi kuona kwamba lilikuwa finyu mno, kwa maana pua ya mzee ilijua sukari tu, na yapo madhara ambayo hayana harufu, hayana rangi, na tena hujificha nyuma ya tarakimu nzuri.

Madhara ya namna hiyo aliyakuta mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika kituo kimoja cha umeme na maji cha pwani ya Ghuba, ambako wafanyakazi wenye asili ya Unguja na Pemba walikuwa wengi kiasi kwamba zamu ya usiku iliendeshwa kwa Kiswahili kuanzia salamu hadi kukabidhiana funguo. Hapo adui aliyetangazwa alikuwa oksijeni. Maji yaliyokaa wazi katika nyuzi 25 huyeyusha takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, na oksijeni hiyo ikiingia katika boila yenye joto huchimba vishimo vidogo vilivyosimama wima kama tundu za mdudu, ambavyo hutoboa ukuta wa bomba huku sehemu iliyobaki ikiwa nzima kabisa. Kwa hiyo maji hupitishwa kwanza katika tangi la kutolea hewa, ambamo hunyunyizwa na kuchemshwa kwa mvuke hadi oksijeni ibaki mikrogramu 7 kwa lita au pungufu, yaani sehemu 7 katika kila sehemu bilioni moja. Kisha, ili kumaliza hata masalio hayo, hutiwa haidrazini, dawa yenye sumu ambayo hushikana na oksijeni na kuacha naitrojeni na maji matupu, na ambayo, kwa kulinganisha tu ukali wake, ndugu zake hutumika kurushia roketi.

Wakemia wa kituo hicho walijivunia vita hivyo. Safu ya oksijeni katika daftari la maabara ilijaa sifuri zilizoandikwa kwa mwandiko safi, na zamu iliyoonyesha mikrogramu 3 au 4 ilitakiwa kujieleza. Mwandishi, ambaye kwa muda wa miaka minne ndiye aliyesimamia kipimo cha dawa hiyo, alikuwa mkali kuliko waliomtangulia, na kila pampu ya haidrazini ilipolegea alihakikisha inaongezwa. Hakuna aliyeuliza sifuri hiyo ilikuwa inailinda metali gani. Zamani mabomba ya vipasha joto, yaani vyombo vinavyoyapasha maji kabla hayajaingia boilani, yalikuwa ya shaba nyeupe na shaba njano, na metali hizo kweli huliwa amonia na oksijeni zikikutana, hivyo haidrazini ilikuwa dawa yake halisi; lakini vipasha hivyo vilikwisha kubadilishwa na kuwa vya chuma kitupu miaka kadhaa kabla ya mwandishi kufika. Mgonjwa aliondoka, cheti cha dawa kikabaki ukutani.

Habari ambazo zingeweza kuwaamsha zilikuwa zimekwisha kutoka. Tarehe 9 Desemba 1986, katika kituo cha nyuklia cha Surry katika jimbo la Virginia, Marekani, kiwiko cha bomba la maji yanayokwenda boilani, chenye kipenyo cha karibu sentimita 46, kilipasuka ghafla na kuwamwagia wafanyakazi waliokuwa karibu maji yaliyogeuka mvuke papo hapo, wanne kati yao wakafa. Ajali hiyo haikugusa kinu cha nyuklia, na ndiyo maana ni fundisho kwa kila anayechemsha maji, hata kwa makapi ya miwa: bomba lilikuwa la chuma cha kawaida, maji yake yalikuwa safi, oksijeni yake ilikuwa ndogo kama vitabu vilivyotaka, na ukuta uliokuwa na unene wa karibu milimita 13 ulipopimwa baada ya kupasuka ulikuwa umebaki, mahali pengine, chini ya milimita 2.

Kilichokuwa kimefanyika huitwa ulikaji unaoharakishwa na mkondo, na kukielewa kunahitaji kurudi kwenye ngozi ya magnetaiti. Ngozi hiyo huyeyuka kidogo kidogo katika maji na kujengwa upya kutoka katika chuma kilicho chini yake; maji yakiwa yametulia, yale yanayogusa ukuta hushiba chuma na uyeyukaji hukoma, lakini yakiwa yanakimbia, hasa pale yanapopinda kiwikoni au yanapotoka katika tundu jembamba yakizunguka kwa fujo, maji yaliyoshiba huondolewa kila nukta na mengine yenye njaa huletwa. Uyeyukaji huo huwa mkubwa zaidi karibu na nyuzi 150, yaani mbali na boila yenyewe, katika mabomba ambayo mafundi huyahesabu kuwa ya upole. Chromiamu kidogo tu ndani ya chuma, hata ile ya bahati isiyofika nusu asilimia, hupunguza mno hatari hiyo, na chuma chenye zaidi ya asilimia 1 ya chromiamu karibu hakiguswi. Kwa hiyo viwiko viwili vilivyonunuliwa siku moja kwa jina moja vinaweza kuwa na umri tofauti kabisa. Juu ya hayo yote kuna suala la oksijeni, ambalo lilikuwa gumu kumezwa na watu waliolelewa katika mafundisho ya sifuri: oksijeni kidogo, ya kiwango cha mikrogramu kwa lita, huziba vitundu vya magnetaiti kwa kutu nyekundu laini isiyoyeyuka kwa urahisi, na maji yaliyonyimwa oksijeni kabisa, tena yaliyotiwa haidrazini, huiacha magnetaiti uchi mbele ya mkondo.

Wajerumani walikuwa wameligundua hilo mapema. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya vituo vyao vyenye boila za njia moja, ambazo maji huingia upande mmoja na kutoka mvuke upande wa pili bila kuwa na pipa la kati, vilianza kutia oksijeni kwa makusudi ndani ya maji, kwa sharti kwamba maji yawe safi kiasi cha kukaribia kutopitisha umeme. Sharti hilo ndilo mhimili wa jambo zima, kwa sababu oksijeni ikikutana na kloridi, yaani sehemu ya chumvi inayopenda kutoboa, huwa adui tena. Usafi huo hupimwa kwa kuyapitisha maji katika chombo cha resini, punje ndogo za plastiki zinazonasa amonia na kubadilisha chumvi kuwa asidi zake, kisha kupima umeme unaopita. Maji matupu kabisa katika nyuzi 25 hupitisha mikrosimensi 0.055 kwa sentimita, na kiwango cha kawaida kinachokubalika kwa mvuke ni chini ya 0.2. Katikati ya tarakimu hizo mbili ndimo mkemia wa kituo anamoishi.

Pumzi hiyo ya oksijeni ilifika katika kituo cha Ghuba mwaka 1997, si kwa amri ya wakubwa bali kwa karatasi moja ya kuchujia. Kipimo kilikuwa rahisi: lita moja ya maji yanayokwenda boilani hupitishwa katika karatasi yenye vitundu vya mikromita 0.45, na rangi inayobaki hulinganishwa na kadi ya rangi. Karatasi za kituo hicho zilikuwa za kijivu kizito kinachokaribia masizi, na mwandishi alikuwa ameziona hivyo kwa miaka bila kuzishangaa, kwa kuwa weusi ni rangi ya magnetaiti na magnetaiti ni kutu njema. Fundi mmoja wa zamu, Mpemba wa makamo ambaye alizoea kuwaita wakemia wote “mwalimu” kwa heshima iliyochanganyika na utani, alizipanga karatasi za wiki nzima kwenye kingo ya dirisha na kuuliza, “Mwalimu, hii kutu njema, kama inakuja huku kwenye karatasi, kule bombani imebaki nini?” Swali hilo halikujibiwa siku ile. Miezi kadhaa baadaye, baada ya barua nyingi, haidrazini ilizimwa katika mtambo mmoja kwa majaribio, amonia ikaongezwa kidogo ili pH ifike 9.6, na oksijeni ikaachwa ielee kati ya mikrogramu 5 na 10. Wiki ya kwanza karatasi zilizidi kuwa mbaya, jambo lililomkosesha mwandishi usingizi, kisha zikaanza kupauka, na mwezi wa tatu zilikuwa na rangi ya chai yenye maziwa mengi, wekundu ukiwa umechukua nafasi ya weusi na chuma chenyewe kimeshuka chini ya mikrogramu 2 kwa lita.

Haifai kudhani kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi, maana uhuru wa oksijeni uliifanya bahari iogopwe zaidi. Maji ya bahari yana takriban gramu 19 za kloridi kwa lita, na hesabu yake ni ya kutisha kwa wepesi wake: lita moja ya bahari ikiingia katika lita milioni moja za maji ya kituo huongeza mikrogramu 19 za kloridi kwa kila lita, na hiyo peke yake hupandisha sindano ya kipimo hicho cha usafi kutoka 0.07 hadi karibu 0.3. Usiku mmoja wa Agosti sindano ilipita 0.3, ikafika 0.8, ikaendelea, na msimamizi wa zamu aliyetakiwa kupunguza mzigo wakati mji mzima umewasha viyoyozi alitaka kwanza kuthibitishiwa kwamba kipimo hakijaharibika. Ni haki yake kuuliza, na ni wajibu wa mkemia kuwa na jibu ndani ya dakika, kwa sababu kloridi hujikusanya chini ya magamba yaliyo ndani ya mabomba ya boila, huko hugeuka asidi, na asidi hiyo huachia hidrojeni inayopenya chuma na kuungana na kaboni yake, hadi siku moja kipande kizima cha ukuta kinang'oka kama dirisha, kingo zake zikiwa nene bila dalili ya kuvutika. Nusu ya kondensa ilifungwa saa tisa usiku. Mafundi waliingia ndani wakiwa na makopo ya povu la kunyolea ndevu, wakalipaka juu ya vinywa vya mabomba, wakasubiri huku wamenyanyua taa; upande wa mvuke kuna ombwe, hivyo bomba lililotoboka hulivuta povu na kuacha kidimbwi cha duara katika uwanja mweupe. Kabla ya kulipata, zamu ilikuwa imemwaga unga wa mbao katika maji ya bahari ili uvutwe na kuziba tundu kwa muda, tiba ya kale ambayo haimo katika vitabu vizuri na ambayo mwandishi aliikuta ikifanya kazi kila mara.

Kuhusu mitambo iliyozimwa inatosha kusema kwamba bomba lililolala na unyevu na hewa ya pwani kwa wiki mbili hupata kutu zaidi kuliko lililofanya kazi mwaka mzima, na kwamba kulijaza naitrojeni au kulikausha ni kazi ambayo kila kituo huiandika katika mpango na vichache huikumbuka siku yenyewe.

Jambo la mwisho lilitoka Japani. Tarehe 9 Agosti 2004, katika mtambo wa tatu wa kituo cha Mihama, mkoa wa Fukui, bomba la maji yenye nyuzi karibu 140 lilipasuka juu ya vichwa vya mafundi waliokuwa wakijiandaa kwa ukaguzi wa mwaka, watano wakafa na sita wakajeruhiwa. Bomba lilikuwa na unene wa milimita 10 mtambo ulipoanza kazi mwaka 1976. Mahali palipopasuka, mbele kidogo ya sahani yenye tundu inayopimia mkondo, palikuwa pamebaki chini ya milimita moja na nusu, na pembamba kabisa milimita 0.4. Elimu ya Surry ilikuwa na umri wa miaka 17, nayo ilijulikana vizuri huko Japani, na mahali pa namna hiyo palitambuliwa kuwa pa hatari. Ila kipande hicho kilikuwa kimeachwa nje ya orodha ya ukaguzi tangu orodha ilipoandikwa, na kwa kuwa kila aliyefuata alikagua kilichomo katika orodha, hakikuwahi kupimwa.

Mwandishi alisoma ripoti ya ajali hiyo akiwa ofisini, na mtu anayeisoma akiwa na orodha yake mwenyewe kabatini hawezi kuisoma kwa utulivu. Kwa miezi miwili yeye na yule fundi Mpemba, ambaye sasa alikuwa mzee wa kustaafu, waliyafuata mabomba kwa miguu wakiwa na michoro ya ujenzi, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiweka alama ya chaki juu ya kile kilichokuwa katika orodha. Nyuma ya kipasha joto cha tatu, juu ya jukwaa ambalo ngazi yake iliondolewa zamani ili kupitisha nyaya, palikuwa na kiwiko kisicho na chaki, hatua mbili baada ya sahani ya kupimia mkondo. Kifaa cha kupimia unene kwa mawimbi ya sauti kilionyesha milimita 9 tumboni mwa kiwiko na 3.2 mgongoni, mahali ambapo michoro ilisema 9.5.

Kiwiko kilikatwa mtambo uliposimamishwa na kuletwa karakana kwa mkokoteni. Ndani yake upande wa nje wa pindo ulikuwa umejaa vijishimo vya mviringo vilivyopandana, vinavyong'aa kidogo kama ganda la chungwa lililolowa, alama ambayo mkondo huiacha juu ya chuma kila unapokimaliza, na haikuwepo popote ile ngozi nyeusi ambayo mkono wa mkemia huitafuta kwanza. Mzee alipitisha kidole, akakitazama, kidole kikawa safi. Mwandishi alikwenda maabara kutafuta madaftari ya miaka ambayo sehemu kubwa ya chuma hicho ingekuwa imeondoka, yale ya kabla ya karatasi za kuchujia kuanza kupauka, akayafungua moja baada ya jingine kwenye meza ya chuma. Safu ya oksijeni ilikuwa imejaa sifuri kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na chini ya kila ukurasa, kwa wino wa buluu, palikuwa na saini yake.